Soundi kadi ya mia tatu hamsini iliyomgeuza shosho kuwa guka

Faili ilikuwa na saa 1, dakika 5 na sekunde 18. Shida ni kwamba mahojiano yenyewe yalichukua saa moja kamili, na hio najua vizuri kwa sababu shosho, yaani nyanya mmoja niliyekuwa namhoji, alikuwa ameniambia mapema, "kijana nakupatia saa moja, saa kumi niko na chama," na saa kumi ilipofika akasimama kweli, akachukua leso yake akatoka, akaniacha pale sebuleni kwake Bahati nikikunja waya. Sasa hizo dakika 5 zingine zilitoka wapi?

Lakini urefu wa faili niliuona mwisho kabisa, usiku ukiwa umeenda. Kitu ya kwanza ilikuwa sauti. Nimefika nyumbani Umoja, nimekula, nimevaa hedifoni nianze kukata kata, nabonyeza pleyi, nasikia guka, yaani babu. Sio shosho, guka, mzee ameamshwa usingizini na anaongea pole pole anatafuta maneno. Na mimi mwenyewe nikiuliza maswali nasikika kama wale wa kusoma matangazo ya vifo redioni. Nikasema labda ni hedifoni, nikabadilisha, wapi. Nikaanza kupandisha sauti kwa programu, juu kidogo, juu tena, ikawa sasa shosho anasikika kama shosho lakini maneno yanavutika, alafu nikajaribu kuharakisha, ikaharibika vingine, nikarudisha, na kufikia saa saba usiku nilikuwa nishaanza kujiambia pengine ndo vile anaongea.

Ndo nikaona ule urefu. Nikachukua kalkuleta: dakika 65 na sekunde 18, gawa kwa 60. Ikanipa 1.088. Mtu yeyote ameshinda na sauti miaka miwili mitatu akiona hio namba anaijua kama namba ya M-Pesa ya mama yake, ni 48,000 ukigawa kwa 44,100.

Kwa wale hawaingii sana hizi mambo: kompyuta haiwezi kuweka sauti yenyewe, inaweka namba, inapima wimbi la sauti mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo, na kila kipimo kinaitwa sampuli. Vipimo 44,100 kwa sekunde ndo mwendo wa CD, 48,000 ndo mwendo wa video. Ukipima mara 48,000 alafu juu ya faili ukaandika "humu ndani ni 44,100 kwa sekunde", pleya itaamini kibandiko, itachota 44,100 na kusema hio ni sekunde moja, so kila sekunde inavutika kidogo na sauti inashuka karibu noti moja na nusu ya kinanda. Ikishuka hivo, shosho anakuwa guka.

Kurekebisha kulichukua sekunde 10. Hakuna kupandisha sauti, hakuna kuharakisha, unabadilisha tu kibandiko kisome 48,000 na sampuli zenyewe hazijaguswa. Nikabonyeza pleyi, shosho akarudi, na kile kicheko chake cha hadithi ya mume wake na baiskeli ya kuazima kikarudi vile nilikisikia mchana. Ningelala hapo. Lakini nilitaka kujua nani aliandika kibandiko ya uongo.

Nikashuku programu ya kurekodi. Nikashuku Linux, ule mfumo natumia kwa kompyuta badala ya Windows, maana kila mtu akija kwangu na shida ya sauti huanza na "si ni hio Linux yako". Nikafungua dmesg, ile daftari ambapo keneli, yaani kiini cha Linux, huandika kila kitu inaona, na pale, dakika 2 kabla ya shosho kuanza kuongea, kulikuwa na mstari unasema mwendo wa sasa, 48000, ni tofauti na ule unaotumika, 44100. Nilikuwa nimeambiwa kabla ya saa tisa mchana, mimi nikaja kusoma saa saba usiku.

Mshtakiwa ni ile soundi kadi ya USB, kadude kadogo ka samawati, plastiki ya kuonyesha ndani, nilikanunua Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, shilingi 350. Hakana jina la kampuni popote. Juu kameandikwa 7.1, yaani spika saba na ile ya besi, alafu ukiangalia kako na mashimo mawili tu, moja ya hedifoni moja ya maiki. Hio 7.1 ilifaa inishtue pale pale kwa kaunta, lakini nani anashtuka na maandishi ya juu ya paketi Luthuli? Na nilikuwa nimekitumia miezi bila neno, kwa sababu mfumo wangu wote unaenda na 48,000, siku hio tu ndo nilifungua projekti ya zamani yenye ilikuwa imewekwa 44,100.

Sasa hapa ndo pananoga. Ukichomeka kitu chochote cha USB, kabla ya sauti, kabla ya lolote, kompyuta inakiuliza "wewe ni nani?" na chenyewe kinasoma CV. Namba ya kampuni, namba ya bidhaa, kazi ninayofanya ni namba 1, yaani sauti, ndani yangu kuna maiki, hio ni 0201, kuna hedifoni, hio ni 0302, nitakula milampea kadhaa, na mwendo ninaoweza ni huu na huu. Hizi ndo deskripta. Ukiandika lsusb -v kwa teminali unasoma CV yote ya kifaa, ndefu kama ya mtu amemaliza kampasi juzi. Mwendo unaandikwa kwa baiti tatu za heksa (hesabu ya kumi na sita, ndo maana ina herufi), ndogo ikitangulia, so 44,100 inaandikwa 44 AC 00 na 48,000 inaandikwa 80 BB 00. Kadude kangu kalikuwa kameandika zote mbili. Na kuna biti nyingine mahali inayosema "unaruhusiwa kunibadilisha mwendo", nayo ilikuwa imewashwa. Kwa karatasi huyu ni mtu wa kuajiri.

Kompyuta ikamwambia, sawa, nipe 44 AC 00. Akasema sawa, bila kosa, bila kukataa. Alafu keneli ya Linux, ambayo imeumwa mara nyingi, ikamgeukia ikauliza "sasa hivi uko ngapi?" naye akajibu 80 BB 00. Yaani alidanganya kwa CV, akadanganya kwa interview, akaulizwa siku ya kwanza kazini akasema ukweli, na bado tukaendelea naye, kwa sababu keneli inaandika tu onyo na kusonga mbele. Mi naona wangesimamisha kabisa. Lakini naelewa pia: wangesimamisha, nusu ya vifaa vya watu vingenyamaza na lawama zingeenda kwa Linux.

Na huyu wangu ni wa afadhali, kuna wengine ukiwauliza hilo swali wanakwama. Kuna ambao hawajibu kabisa, mashine inangoja mpaka muda uishe, inajaribu tena, inangoja tena, na wewe uko pale unashangaa mbona maiki inachukua sekunde kadhaa kuamka kila ukiifungua. Ile mistari ya "cannot get freq at ep" yenye hujaa kwa dmesg za watu ndo hio, kifaa kimeulizwa mwendo wake na kikachanganyikiwa.

Kwa nini kifaa kishindwe na swali limeandikwa kwa kitabu, yaani kanuni rasmi za sauti ya USB? Maana kitabu kipo, cha kwanza kilitoka Machi 1998, cha pili 2006, cha tatu 2016, vyote unapakua bure, na kile cha kwanza chenyewe ni kurasa zaidi ya mia. Na wazo lake lilikuwa tamu sana, kwamba kila mtu akitengeneza maiki au spika ya USB afuate lugha moja, basi hakuna haja ya kila kampuni kuja na draiva yake, ile programu ya kuifundisha kompyuta kuongea na kifaa, unachomeka unaongea. Na kwa kiasi kikubwa imefanya kazi, tusidharau. Leo unachukua hedseti ya soko, unachomeka kwa laptopu ya ex-UK, inaongea.

Lakini kitabu hakina askari. Kuna vipimo rasmi kama unataka kuweka nembo ya USB kwa paketi kihalali, na kama hutaki nembo hakuna atakayekuzuia kuuza. Mimi nikiangalia hivi vitu naamini kiwandani kipimo ni kimoja: wanachomeka kwa kompyuta ya pale, inalia? Inalia, pakia. Kwa hivyo lile swali kompyuta yao haiulizi, hakuna mtu amewahi kulisikia likijibiwa. Chipu inaweza kuwa na shimo hapo tangu siku ya kwanza na mtu wa kwanza kuangukia ni wewe na Linux yako kwa nyumba ya mtu Bahati.

Na toleo la pili ndo lilichafua zaidi. Kitabu cha 2006, lakini Windows ilikuja kupata draiva yake ya ndani ya hilo toleo 2017, kwa Windows 10. Miaka 11. Mac na Linux walikuwa wamefika huko mapema, kama 2010 hivi. Hio miaka yote kampuni zenye zilitaka vifaa vya maana vya kurekodi kwa Windows zilikuwa zinatoa draiva zao, na ukishakuwa na draiva yako mwenyewe, nani atakushtaki? Kifaa na draiva yake wanakuwa kama watu wa nyumba moja, wana maneno yao, mtu wa nje akija na Kiswahili cha kitabu hawaelewani. Wengine hata walijiandikisha kwa CV kama "kazi maalum" badala ya sauti, ili draiva ya kawaida isiwaguse, ilhali ukiangalia ndani wanafuata kitabu karibu chote, ni mlango tu wamebadilisha jina.

Matokeo ya hayo yote yako mahali pamoja, na nakuhimiza siku moja ukae usome ata kama wewe sio mtu wa kuandika programu. Ndani ya keneli ya Linux kuna folda ya sound/usb, na humo kuna faili zinaitwa quirks.c na quirks-table.h. Mimi naziita daftari la vituko. Mistari na mistari ya namba za kampuni na namba za bidhaa, na mbele ya kila mmoja kituko chake. Huyu usimuulize mwendo. Huyu ukimpa amri pumzika milisekunde 20 kabla ya kumpa nyingine, la sivyo anazirai. Huyu mwingine milisekunde 50 ukimbadilishia mpangilio. Huyu akikujibu kosa, puuza, anafanya kazi. Huyu lazima uanze kucheza kabla ya kurekodi. Majina makubwa yamo, vitu vya pesa nyingi, sio vya Luthuli peke yake, na hio ilinifariji kidogo nikikumbuka 350 zangu.

Nilipoanza kusoma nilidhani ni aibu ya walioandika keneli, draiva gani inajaa viraka hivi? Nikazidi kusoma nikaona ni kinyume. Kila mstari pale ni mtu alikuwa kama mimi, saa saba usiku, na kifaa ambacho hakiwezi kurudishwa dukani, akakaa akatafuta mpaka akajua kinataka nini, akaandika ili wewe ukinunua kile kile ukichomeke tu na usijue kulikuwa na shida. Na tangu 2021 hivi si lazima ungoje kiingie kwa daftari, kuna parameta ya quirk_flags, unaandika mstari mmoja kwa modprobe.d, ile folda ya mipangilio ya draiva, na namba za kifaa chako na kituko unachotaka. 0x1 ni "usimuulize mwendo". Kuna maiki ya jirani niliitoa kwa kungoja karibu sekunde kumi mpaka ikafunguka papo hapo na huo mstari mmoja. Jirani alidhani nimeweka antivairasi.

Nirudi kwa kadude. Mbona kashindwe na 44,100 na 48,000 kanaweza? Hapa nabahatisha, lakini nabahatisha nikiwa na sababu. USB hubeba sauti tofauti na vile hubeba faili. Faili unayokopi kwa flashi ikipotea kipande inatumwa tena mpaka ifike. Sauti haipewi hio nafasi, sauti ina ratiba. Kwa vifaa vya ule mwendo wa megabiti 12, kila milisekunde 1 kuna gari linatoka, na tofauti na matatu zetu halingoji kujaa, na aliyeachwa ameachwa. Kwa 48,000 hesabu ni laini, abiria 48 kila gari. Kwa 44,100 unapata abiria 44 na sehemu moja ya kumi ya abiria, na hakuna mtu hubeba sehemu ya kumi ya mtu, so magari 9 yanabeba 44 na la kumi linabeba 45. Sasa kama wewe unatengeneza chipu ya kuuzwa bei ya chai na andazi, kuhesabu 48, 48, 48 ni rahisi kuliko kuhesabu 44 mara tisa alafu ukumbuke 45. Kwa CV unaandika zote, maana kunakili CV ya mwingine ni bure.

Vifaa vya bei huwa na saa yao ya ndani, na vinaambia kompyuta vinataka sampuli ngapi kwa kila gari, niongezee kidogo, nipunguzie kidogo. Hii ndo njia nzuri. Ila hata hapa kuna kituko nakipenda sana. Hio namba ya kuomba iko na maandishi mawili kulingana na mwendo wa USB: ule wa zamani wa megabiti 12 unaandika kwa baiti 3 na ule wa megabiti 480 unaandika kwa baiti 4, na mahali pa desimali ni tofauti. Sasa kuna vifaa vya megabiti 480 vinavyoandika kwa mtindo wa zamani. Kwa mwendo huo magari hutoka 8 kila milisekunde, so kwa 48,000 kifaa kinatakiwa kuomba sampuli 6 kwa kila gari, lakini desimali ikikaa vibaya kompyuta inasoma 1 na nusu. Ikimpa 1 na nusu, sauti inakatika vipande. Linux inafanya nini? Haibishani. Inaangalia ile namba ya kwanza, inaona mbona ni ndogo sana kuliko inavyotarajia, inaizidisha mara mbili, 3, bado ndogo, mara mbili tena, 6, aah, hio ndo ulimaanisha. Inakumbuka na kuendelea hivo. Ni kama vile mama wa sukuma husikia "nipe ya ishirini" na haulizi ishirini ya nini.

Tusichanganye uongo na ubinadamu lakini. Kuna mahojiano mengine niliwahi kurekodi na maiki mbili za USB, moja ya kila mtu, kwa laptopu moja, na mwisho wa saa nzima mmoja alikuwa anajibu kabla hajaulizwa. Nilitukana zile maiki bure. Zilikuwa zinafuata kitabu. Ni kwamba kila moja ina kristali yake ya kuhesabu muda, na kristali hazifanani. Tofauti ya sehemu 100 kwa milioni inasikika ndogo, lakini piga hesabu, sekunde 3,600 mara hio ni sekunde 0.36, na theluthi ya sekunde kwa mazungumzo ni kubwa, kicheko kinafika kabla ya utani. Hapo hakuna mwongo, dawa ni mimi kutumia kifaa kimoja chenye mashimo mawili ya maiki.

Uongo wa volyumu ndo hunikera kuliko wote kwa sababu watu wanadhani ni masikio yao. Binamu yangu anafanya kazi ya kupokea simu za wateja akiwa nyumbani, akanunua hedseti, akaja kwangu, "hii kitu ni ama kimya ama kelele". Na kweli, unasukuma ile laini ya sauti kutoka 0 mpaka karibu 80 hakuna kitu, 85 unasikia mtu kwa umbali, 95 umetoboka sikio. Kitabu kinasema sauti inaandikwa kwa hatua, kila hatua ni sehemu 1 ya 256 ya desibeli, na kifaa kinatoa chini yake, juu yake, na ukubwa wa hatua yake. Hedseti yake ilikuwa inadai inashuka mpaka karibu desibeli 100 chini. Nani anasikia kitu desibeli 100 chini, na matatu za Outer Ring zinapita nje? Hata 50 chini ni kimya. So zaidi ya nusu ya laini inatembea kwa giza. Vingine vinakosea hatua yenyewe, vinatoa namba za ndani za chipu kana kwamba ni sehemu za desibeli, na Linux ikiona hatua zimekuwa maelfu inaandika onyo kwamba huo upana hauaminiki. Binamu nilimwekea kwa programu sauti ianzie pale panaposikika. Nimemweleza sababu mara mbili na bado anaambia watu hedseti ilikuwa na maji.

Za stima nitapita haraka. Kifaa hutangaza kitakula kiasi gani, na namba inaandikwa kwa milampea mbili mbili, kwa hivyo 50 inamaanisha milampea 100 na 250 inamaanisha 500. Nina kadude kengine kanatangaza 500, nikakapima na kile kipima cha USB, kanakula 40 hivi. Kwa laptopu hakuna shida, lakini simu ikisoma 500 inasema hapana, hicho kinakula sana, na inakifungia nje. Njaa ya mdomo tu.

Na siriali, yaani namba ya kutambulisha kifaa kimoja kimoja: kitabu kinasema si lazima uwe nayo, lakini ukiweka basi kila kifaa kiwe na yake. Nilinunua viwili vya aina moja, vyote siriali moja, inaonekana kama tarehe. Kila nikiwasha mashine vinabadilishana majina, leo maiki ya mgeni ni ya kwanza, kesho ni ya pili. Dawa yake ni kuvijua kwa shimo vilikochomekwa, Linux inakupa hizo anwani kwa /dev/snd/by-path, na kwa laptopu nimebandika selotepu, G ya mgeni... nimeandika G kwa sababu M tayari ni mimi. Usiniulize.

Juzi nikarudi Luthuli. Shosho amekubali tumalizie Alhamisi, na nilitaka kadude kengine ka akiba, so nikabeba laptopu kabisa. Kijana wa kaunta akanitolea tatu, paketi moja, rangi moja, 7.1 ile ile. "Boss, zote ni same." Nikachomeka ya kwanza, namba ya kampuni na ya bidhaa ni zile zile za kangu ka nyumbani, na mwendo, 44 AC 00, 80 BB 00. Nikarekodi sekunde 10 kwa 44,100 nikihesabu kwa saa ya simu, wateja wengine wakiniangalia. Faili ikatoka sekunde 10.9 hivi. Nikachomoa. Ya pili hivo hivo. Ya tatu, namba zile zile kabisa za utambulisho, lakini kwenye mwendo kulikuwa na mstari mmoja tu, 80 BB 00.

"Nitachukua hii."

Akainama akaangalia skrini. "Hio? Si hizi zingine ndo ziko na mbili?"

"Ndio, lakini hii ndo nataka."

Akaniangalia, akaangalia laptopu, akarudisha zile mbili kwa paketi zake. "Sawa customer, hio ni 350, till iko hapo ukutani."